Kuvuta Suzuki Escudo nyuma ya Coaster ya kulala, Dodoma hadi Iringa: giaboksi, taa na breki

Mkazi_wa_Nala

Wakuu heshima kwenu. Nauliza kuhusu kuvuta gari zima, linalotembea, kwa safari ndefu. Siyo kuburuta bovu kulifikisha gereji.

Linalovuta ni Toyota Coaster HZB50 iliyotoka Japani, injini 1HZ, gia za mkono, umeme wa volti 24. Viti vimetolewa, kumewekwa vitanda viwili, jiko la gesi, friji, tanki la maji la lita 200 na betri mbili kubwa za sola. Linalovutwa ni Suzuki Escudo ya zamani ya milango mitatu, injini 1.6, gia za mkono, yenye gia kubwa na gia ndogo ya fowili pembeni.

Safari ya kwanza ni Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera. Coaster ibaki Iringa mjini, Suzuki ndiyo iingie Ruaha. Baadaye nataka kupandisha Kondoa mpaka Kolo kwenye michoro ya mapangoni kwa mtindo huo huo.

Mafundi wawili wananichanganya. Mmoja anasema weka nyutro uvute, basi. Mwingine anasema propela shafti lazima ifunguliwe kila safari. Yupi yuko sahihi? Pili, taa za nyuma za Suzuki ni volti 12 na Coaster ni 24, mnaunganishaje? Tatu, breki: Suzuki ikivutwa matairi yote manne yakiwa chini, Coaster inatosha kuishikilia kwenye milima ya Fufu na Nyang'oro? Na nyumbani kuna IST ya otomatiki, je, hiyo inaweza kuvutwa badala ya Suzuki ili niiache Suzuki ifanye kazi nyingine?

---

GiaNdogo

Mkuu, gari lako lina nyutro mbili, na moja tu ndiyo inayofaa. Ndiyo maana mafundi wako wanapishana.

Ukiweka nyutro ya gia kubwa peke yake, matairi ya nyuma yanazungusha propela, propela inazungusha transfa (boksi la gia ndogo), na transfa inazungusha shafti ya kutokea ya giaboksi. Sasa, kinachorusha mafuta ndani ya giaboksi ni shafti ya chini, na hiyo huzungushwa na injini kupitia klachi. Injini ikiwa imezimwa shafti ya chini imelala ndani ya mafuta, ya juu inazunguka kavu. Kilomita 10 za kwenda gereji hutaona kitu. Kilomita 200 kwa mwendo wa barabarani, beringi za juu zinaanza kulia.

Nyutro unayoitaka ni ya gia ndogo. Pale N, muungano kati ya giaboksi na propela zote mbili unakatika ndani ya transfa, giaboksi inapumzika kabisa. Propela haiguswi. Fundi wa pili angekuwa sahihi kama gari lingekuwa la nyuma tu bila transfa, mfano Kirikuu isiyo na fowili.

Fanya hivi. Simama mahali tambarare, vuta breki ya mkono. Toa fowili, na habu za mbele ziachie: za kugeuza kwa mkono zipeleke FREE, za kujifunga zenyewe zinaachia ukirudi nyuma taratibu kama mita 2. Kisha gia ndogo N, gia kubwa namba 2. Sasa pima: washa injini, achia klachi polepole. Gari lisisogee kabisa. Likijivuta mbele au injini ikitaka kuzima, gia ndogo haijakaa sawasawa, rudia. Ikikubali, zima, rudisha ufunguo ACC (siyo LOCK), zungusha stelingi kushoto na kulia uhakikishe haijifungi. Stelingi ikijifunga barabarani, matairi ya mbele yanaburuzwa kwenye kona ya kwanza na fremu ya kuvutia inapinda.

Breki ya mkono iachie mwisho kabisa, gari likiwa tayari limefungwa kwenye Coaster. Hili nalisisitiza: transfa ikiwa N, gia namba 2 haishikilii chochote. Gari linabiringika kama toroli. Wakati wa kufungua pia, breki ya mkono na jiwe kwenye tairi kwanza, pini baadaye.

Maelekezo ya magari haya ya Suzuki ni kutozidi kama km 90 kwa saa, na kila km 320 kusimama, kuwasha injini transfa ikiwa bado N na gia kubwa namba 2, klachi imeachiwa, na kukanyaga mafuta kidogo kwa dakika 1 ili gia za transfa zirushe mafuta. Dodoma–Iringa ni kama km 260, kwa hiyo unafika kabla ya kikomo. Hata hivyo fanya hivyo Mtera, ni nusu ya njia na utasimama tu. Kabla ya safari fungua nati ya kujazia transfa: mafuta yafike ukingoni mwa tundu. Yakiwa chini ya hapo, N haiokoi kitu.

Kama spidomita yako ni ya kebo, jua kwamba itaendelea kuhesabu kilomita wakati inavutwa. Andika pembeni, usije ukachanganya ratiba ya sevisi.

IST iondoe kwenye hesabu. Pampu ya mafuta ya giaboksi ya otomatiki inazungushwa na injini, ikizimwa hakuna presha, klachi za ndani zinasagana kavu. Toyota huruhusu kuvuta magari ya namna hiyo kwa dharura tu, mwendo usiozidi km 30 kwa saa na umbali usiozidi km 80. IST ya mbele tu inaweza kwenda kwa kitoroli kinachonyanyua matairi ya mbele. IST yenye fowili haifai hata hivyo, na RAV4, X-Trail na Forester za otomatiki ni hivyo hivyo: hizo zinapanda juu ya trela nzima au haziendi. Jimny za kubonyeza vitufe nazo hazina N ya transfa ya kuchagua, mtu asije akasoma hapa akadhani Suzuki zote ni sawa.

---

Waya_Mwekundu

Upande wa umeme.

Ukiipa taa ya Suzuki volti 24, balbu inapasuka papo hapo. Na usifanye ile njia ya mkato ya kuchomoa waya kwenye betri moja kati ya mbili za Coaster ili upate 12. Betri hizo zimeungwa mfululizo na oltaneta inazichaji kwa pamoja. Ukinyonya moja, hiyo inabaki na njaa, mwenzake inapokea chaji kupita kiasi na kuchemka maji yake. Miezi michache zote mbili zimekufa, na mtu anailaumu oltaneta.

Njia nyepesi kuliko zote ni ubao wa taa. Kipande cha alumini au mbao ngumu, upana wa gari, kina taa mbili za trela za LED za volti 24, kinafungwa nyuma ya Suzuki kwa mikanda, chini ya kioo. Usizibe namba ya gari. Waya wa nyuzi 5: ethi, taa ndogo, breki, indiketa kushoto, indiketa kulia. Nyuzi za taa milimita za mraba 1.5 zinatosha, ya ethi iwe 2.5. Pitisha waya juu ya paa la Suzuki au ndani ya gari kupitia dirishani, usiupitishe chini. Chini unakutana na propela na egzosti.

Ukitaka taa za Suzuki zenyewe ziwake, tumia rilei nne za volti 24. Ishara ya Coaster inaamsha koili ya rilei, na mguu wa rilei unapeleka 12 kutoka betri ya Suzuki hadi kwenye balbu. Uzuri wake ni kwamba koili inakula umeme mdogo sana, kwa hiyo flasha ya Coaster haijui kama kuna taa za ziada. Ukiongeza balbu ya wati 21 moja kwa moja kwenye flasha, indiketa zinabadilika mwendo. Ubaya: umeme unaoingia kwenye waya wa taa ya Suzuki unaweza kurudi nyuma hadi kwenye swichi na taa nyingine. Weka daiodi (inapitisha umeme upande mmoja tu) ya ampea 6 kwenye kila waya, au bora zaidi toboa nyumba ya taa uweke soketi na balbu ya pili isiyohusiana na waya za zamani.

Hesabu ya matumizi: balbu mbili za breki ni wati 42, yaani ampea 3.5 kwenye volti 12, lakini ni kwa sekunde chache. Kinachomaliza betri ni ufunguo kukaa ACC kutwa nzima na redio iko hewani. Chomoa fyuzi ya redio na ya kiwashio cha sigara. Kama unataka betri ya Suzuki ipate chaji njiani, weka ridyusa ya 24 kwenda 12 ndani ya Coaster, ile inayotoa volti 13.8, kisha waya mmoja wenye fyuzi ya ampea 10 kila mwisho. Fyuzi ya mwisho wa Suzuki watu huisahau. Waya ukichubuka katikati, betri ya Suzuki nayo ni chanzo cha moto.

Plagi ya miguu 7: za malori ya volti 24 zimepangwa tofauti na za magari madogo. Kwenye ya 24, mguu wa 1 ni ethi, 2 taa ndogo kushoto, 3 indiketa kushoto, 4 breki, 5 indiketa kulia, 6 taa ndogo kulia. Kwenye ya 12, mguu wa 1 ni indiketa kushoto, 3 ni ethi, 4 indiketa kulia, 5 taa ndogo kulia, 6 breki, 7 taa ndogo kushoto. Nunua plagi na soketi za aina moja, na usifuate rangi za waya za fundi aliyetangulia. Pima kila mguu kwa taa ya majaribio.

Ethi mbovu ndiyo ugonjwa mkuu. Dalili yake: ukikanyaga breki, indiketa nazo zinawaka hafifu. Ukiona hivyo usibadili balbu, safisha ethi.

---

Mteremko_Mrefu

Naomba hii ya breki uisome taratibu.

Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya bahari, Mtera kama 700, Iringa zaidi ya 1,500. Kwa hiyo kwenda unashuka Fufu na kupanda Nyang'oro, kurudi unashuka Nyang'oro. Kurudi ndiko kugumu zaidi. Kabla ya kuondoka Iringa mwaga maji ya tanki, hizo ni kilo 200 ambazo breki hazitazibeba.

Escudo hiyo ni kama kilo 1,050. Tuseme Coaster yako na vyombo vyote ina tani 5: umeziongezea breki zake moja ya tano ya mzigo. Lakini uzito siyo tatizo kubwa, tatizo ni mahali unaposukuma. Boli ya kuvutia (kile kichwa cha chuma cha mviringo kinachoshika fremu) iko karibu mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukikanyaga breki ndani ya kona, Suzuki inasukuma mkia wa Coaster kwenda nje ya kona, na mkono huo wa mita 2 unaipa nguvu. Barabara ikiwa na maji au mchanga, nyuma inahama. Ulaya trela yoyote inayozidi kilo 750 lazima iwe na breki zake, na sababu ni hii. Jibu langu ni kwamba Suzuki ishike breki zake yenyewe.

Kuna namna mbili zinazotumika. Moja ni fremu yenye kikombe cha kuteleza: Coaster ikipunguza mwendo, Suzuki inasukuma mbele, kikombe kinarudi nyuma na kuvuta kebo iliyofungwa kwenye pedali ya breki ya Suzuki. Haitaki umeme. Kasoro yake inaonekana mlimani: ukishuka kwa gia, Suzuki inasukuma muda wote, kwa hiyo breki zake zinashika muda wote na zinachemka. Namna ya pili ni sanduku la umeme linalokaa mbele ya kiti cha dereva wa Suzuki, lina mkono unaosukuma pedali, linasoma kupungua kwa mwendo na halishtuki kwa breki ya injini pekee. Kwa njia yako ya Nyang'oro nachagua sanduku.

Zote mbili zina mtego mmoja. Injini ya Suzuki imezimwa, kwa hiyo busta ya breki haina vakyumu. Mkanyago wa kwanza au wa pili bado ni laini, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu na inataka nguvu mara kadhaa zaidi. Ukirekebisha sanduku ukiwa umetoka tu kuzima injini, utalipangia nguvu ndogo, na safari nzima Suzuki haitashika kitu. Zima, kanyaga pedali mara 5 hadi iwe ngumu, ndipo urekebishe.

Upande wa pili ni breki kubana. Mkono wa sanduku ukigusa pedali hata kidogo, au kebo ikiwa imevutwa sana, pedi zinasugua hadi zinafuka, na dereva wa Coaster hasikii chochote. Simama baada ya km 10 za kwanza, kabla hujafika mbali na mji, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu. Usishike. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, usiendelee. Rudia kabla ya kila mteremko na baada yake.

Badilisha mafuta ya breki kwenye magari yote mawili. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, iliyokwisha kunyonya unyevu inashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, pedali inazama hadi chini, na hakuna kupampu kunakorudisha haraka.

Kushuka kwenyewe: chagua gia kabla ya kuanza mteremko, namba 3 au 2, injini isipite mizunguko 3,500. Breki ya egzosti ikiwepo, iwashe juu kabisa. Mwendo ukipanda, kanyaga kwa uthabiti ushuke toka 50 hadi 35, kisha achia kabisa ngoma zipoe. Usiweke mguu juu ya pedali mlima mzima. Na ukikosa gia katikati ya mteremko, simama kwa breki wakati bado zipo, ndipo uanze upya na gia ya chini.

Mwendo wa tambarare km 70 kwa saa. Sheria inakupa 80 kwa chombo kizito kuliko tani 3.5, na 50 penye makazi, lakini usiitumie yote ukiwa na mkia.

---

Mkazi_wa_Nala

Asanteni sana wakuu, hapa nimepata darasa. IST nimeachana nayo. Fremu yenyewe je? Fundi wa kuchomelea yuko tayari kuitengeneza na anataka kuiunga kwenye bampa la nyuma la Coaster. Na kurudi nyuma kukoje, maana vituo vingi vya mafuta vina eneo dogo.

---

Bolti_Nane

Usikubali bampa, mkuu. Bampa la Coaster ni bati la kupendezesha. Kishikio cha boli kinatakiwa kifungwe kwenye mihimili miwili ya chesisi, kila upande mkono mrefu wa bamba la milimita 8 unaokwenda mbele walau sentimita 50, bolti nne kila upande, M12 za daraja 8.8 (namba imeandikwa kichwani), nati za kujifunga. Kaza kama Nm 80, endesha km 50, kaza tena. Ndani ya muhimili weka bomba fupi la kupokea bolti ili ukikaza bati lisijikunje. Usichomelee kukatiza muhimili juu na chini: pale penye joto la welding chuma kinakuwa kigumu na ufa unaanzia hapo hapo. Na kagua kutu kwanza, hasa Coaster iliyokaa pwani kabla ya kuja Dodoma.

Upande wa Suzuki ni rahisi kwa kuwa ina chesisi yake. Vishikio viwili vikae kwenye ncha za chesisi, pale penye ndoano za kuvutia za kiwandani. Mikono ya fremu, bomba la mraba la mm 50 kwa 50, unene mm 4, ikutane mbele kama herufi A. Kila mkono uwe na kiungo chake cha pini mwishoni ili fremu ipande na kushuka kwenye matuta. Fremu isiyo na kiungo cha kupanda na kushuka inang'oa vishikio kwenye tuta la kwanza refu.

Urefu wa boli na wa vishikio vya Suzuki kutoka ardhini vilingane, tofauti isizidi sentimita 7 au 8. Fremu ikiinuka sana upande wa Coaster, ukikanyaga breki inanyanyua mkia wa Coaster. Pima Coaster ikiwa na mzigo, siyo tupu.

Kuhusu boli: kuna ya mm 50 na kuna ya inchi 2, ambayo ni mm 50.8. Kwa macho huzitofautishi. Kikombe cha inchi 2 juu ya boli ya mm 50 kinafunga vizuri ukiwa umesimama, kikichakaa kidogo kinaruka kwenye tuta. Soma namba iliyochongwa juu ya boli na ubavuni mwa kikombe.

Cheni mbili, kila moja iweze kushikilia gari zima peke yake, mm 8 hadi 10 zenye alama ya uzito. Zipishane chini ya fremu kama msalaba, boli ikitoka fremu idakwe isichimbe lami. Zifungwe kwa shakli ya kukaza, siyo ndoano wazi. Zilegee kiasi cha kukata kona tu. Waya wa dharura wa sanduku la breki (unaokaza breki za Suzuki ikichomoka) uwe mrefu kidogo kuliko cheni, ili uvutike pale tu cheni nazo zikikatika.

Kurudi nyuma: hapana. Hata mita 2. Ukirudi, matairi ya mbele ya Suzuki yanajigeuza yenyewe hadi mwisho wa stelingi, kisha yanakaa kama kabari na Coaster inaendelea kusukuma. Kinachopinda ni fremu au tairodi. Urefu wako jumla ni karibu mita 12: Coaster mita 7, fremu mita 1 na kitu, Suzuki mita 3 na nusu na ushee. Ingia vituo ambavyo unaona njia ya kutokea kabla hujakata kona. Penye shaka, simama pembeni ya barabara, fungua Suzuki, dakika 5 tu.

---

Mizani_Kwanza

Naongeza jambo ambalo lingetakiwa kuwa la kwanza. Hiyo tani 5 aliyoitaja mdau hapo juu ni makadirio. Betri ya sola ya 200Ah ya maji ina karibu kilo 60, mtungi wa gesi wa kilo 15 ukiwa umejaa ni karibu kilo 30, mbao za makabati hakuna anayezipima. Jaza kila kitu, pamoja na watu, pandisha Coaster mizani, kisha linganisha na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha gari. Kama umeshafika kikomo bila Suzuki, mjadala wa fremu umeishia hapo mpaka upunguze vitu. Chombo cha tani 3.5 kwenda juu kinapaswa kupita mizani za barabarani hata hivyo, kwa hiyo utajua tu. Bora ujue mapema.

Trela ya kubeba gari zima usiikimbilie. Trela yenyewe ni kama kilo 600 au 700, juu yake Suzuki, unakaribia kilo 1,750, na sehemu ya uzito huo inakaa juu ya boli, mita 2 nyuma ya ekseli. Mkia unazama na mbele inakuwa nyepesi kwenye stelingi. Fremu ya A haibebeshi boli uzito wowote wa maana, ndiyo faida yake.

Na kama kuna mtu wa pili mwenye leseni, fikiria kuiendesha Suzuki. Kilomita 260 ni kama lita 26 za petroli. Kwa safari moja kwa mwaka, fremu, sanduku la breki na nyaya havitarudisha gharama. Kwa anayesafiri kila mwezi au aliye peke yake, hapo fremu ina maana.

Kabla ya safari waone watu wa usalama barabarani mkoani na kampuni yako ya bima, upate kwa maandishi kwamba gari linalovutwa limejumuishwa. Bima ya Suzuki peke yake inaongelea Suzuki inayoendeshwa.

---

Mkazi_wa_Nala

Nimewaelewa. Dereva wa pili hayupo, safari zitakuwa nyingi, kwa hiyo naenda na fremu na sanduku la breki, ubao wa LED kwa kuanzia. Jumatatu Coaster inapanda mizani. Swali la mwisho: tairi la Suzuki likitoboka njiani nitajuaje?

---

GiaNdogo

Hutajua kwa kuhisi, 1HZ haitaona tofauti. Tairi linatembea kwenye rimu, linachanika, mpira unashika moto. Nunua vifuniko vya valvu vinavyopima upepo na kutuma kwenye kioo kidogo cha dereva, ukikumbuka kwamba umbali wa mita 12 unaweza kuhitaji kirudisha mawimbi katikati. Pamoja nacho, kamera ya nyuma ya Coaster iwashwe safari nzima, na usimame kila km 60 hadi 80 ukague matairi, pini, cheni na rimu. Kwa njia yako, simama kabla ya kushuka Fufu, Mtera, na kabla ya kuanza Nyang'oro. Upepo wa Suzuki jaza kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, asubuhi tairi likiwa baridi.

Kabla hata ya kununua fremu, nyanyua mbele ya Suzuki, shika tairi juu na chini utikise, kisha kushoto na kulia. Bojointi au tairodi ikiwa na mchezo, gari likivutwa linacheza mkia kuanzia km 60 kwa saa. Badilisha, upime na alaimenti.

Weka pia mpira mzito, kile kipande cha mkanda wa konveya, upana wote wa nyuma ya Coaster, uachane na ardhi sentimita 10. Usipoweka, kioo cha Suzuki kitapokea kila kokoto. Barabara ya vumbi yenye makorongo usivute kabisa, fungua uendeshe.

Na ukifika Iringa, simamisha magari yote mawili yakiwa yamenyooka. Yakiwa yamekunjika pini zinabanwa na watu wanaanza kupiga nyundo. Zikibana, sogeza Coaster mbele sentimita chache zitaachia. Breki ya mkono ya Suzuki, jiwe kwenye tairi, toa plagi, toa waya wa dharura, cheni, pini. Gia ndogo irudishe 2H (mwendo wa kawaida, matairi ya nyuma tu) kabla hujatoka kwenye gari.